Chuma Chakavu, Hewa Ukaa na Haki

Mjadala wa kupunguza hewa ukaa katika viwanda vya chuma huendeshwa kana kwamba ni wa Ulaya na China peke yao. Mimi, niliyezaliwa Kigera mkoani Mara, nauona ukianzia kwenye gunia lililofungwa nyuma ya baiskeli. Ndani yake mna majembe yaliyolika, mashoka yasiyo na mpini, bati zenye kutu. Kijana anayeviokota hupimiwa kwa mizani ya mnunuzi na kulipwa bei anayoitaja mnunuzi huyohuyo. Kisha vyuma hupakiwa kwenye lori kuelekea viwandani, vikayeyushwe kuwa nondo.

Naomba tumtazame kijana huyo kwa jicho la sayansi. Mawe ya chuma yana oksijeni iliyoshikamana nayo. Katika matanuri makubwa, kaboni itokanayo na makaa ya mawe huinyakua oksijeni hiyo na kutoka nayo kama hewa ukaa. Kila tani ya chuma kinachopatikana kwa njia hii huacha zaidi ya tani mbili za hewa hiyo angani. Chuma chakavu kilikwisha kupita hatua hiyo. Kinahitaji kuyeyushwa tu, tena kwa umeme. Kwa hiyo kila tani inayoyeyushwa upya huepusha takriban tani moja na nusu ya hewa ukaa. Kijana wa Kigera anafanya kazi ya mazingira ambayo hakuna anayemlipa.

Badala yake, ofisi nyingi humjua kama mshukiwa. Ni kweli kwamba alama za barabarani na vyuma vya madaraja huibwa, na wezi wanastahili sheria. Lakini biashara isiyo na leseni nafuu, mizani iliyokaguliwa wala bei iliyotangazwa humficha mwizi na kumnyonya mwaminifu.

Swali hilohilo la haki linatusubiri Ludewa. Liganga inakadiriwa kuwa na tani milioni 126 za chuma, na Mchuchuma tani milioni 428 za makaa ya mawe. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, na miradi hiyo miwili ikaozeshwa: makaa yazalishe megawati 600 za umeme, chuma kiyeyushwe. Zaidi ya muongo mmoja umepita, na dunia haikusubiri. Mwaka 2021 Sweden ilitoa chuma kilichotengenezwa kwa hidrojeni badala ya makaa. Umoja wa Ulaya nao umeweka gharama ya kaboni kwa chuma kinachoingia sokoni mwake. Nasi leo tuna bwawa la Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lililopewa jina la mwana wa Butiama.

Najua jibu litakalotolewa: Ulaya ilijitajirisha kwa makaa, kwa nini sisi tunyimwe? Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Lakini tanuri likishajengwa hudumu miongo kadhaa; atakayebaki na mitambo iliyopitwa na wakati ni mwanafunzi anayesoma leo. Haki tunayodai isiwe haki ya kuchafua kama walivyochafua wao. Iwe haki ya kupata mitaji na teknolojia ambayo deni lao la angani linawawajibisha kuitoa.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa: kabla ya mkataba wowote mpya wa Liganga kusainiwa, hesabu ya umeme na hewa ukaa iwekwe wazi kwa wananchi. Na halmashauri zisisubiri Liganga. Kukagua mizani na kubandika bei ya kilo ukutani hakuhitaji mwekezaji kutoka nje.