Chumvi Niliyoiruka

Neno nililoliruka lilikuwa moja tu. Lilikuwa katika ukurasa wa mwisho wa maelezo ambayo Yaya, kaka yangu anayesoma kemia, alimwandikia mama kwa Kifaransa, nami nikapewa kazi ya kuyatafsiri kwa Kiswahili. Nilikuwa mwaka wa pili hapa kitivoni, na nilijiona mtafsiri tayari.

Mama hupika sabuni huko Kadutu pamoja na wanawake watatu wa jirani. Wanapikia uani, katika nusu ya pipa la chuma. Mawese yanatoka upande wa Uvira na Fizi, soda kostiki wanainunua sokoni kwa kilo. Sabuni hiyo ndiyo iliyonilipia minervali tangu nilipoingia chuo kikuu. Ilikuwa na kasoro moja: ilichoma mikono. Wateja walinung'unika, na mama mwenyewe ngozi ya vidole ilikuwa inambambuka. Yaya akapiga hesabu, akaona kwamba soda inazidi mafuta. Akaandika kipimo kipya chenye soda pungufu, na chini yake akaweka onyo: uji ukiwa mzito kupita kiasi, mtie « saumure » kidogo kidogo huku mkikoroga.

Maana ya saumure niliijua: maji yaliyokolea chumvi. Lakini kwetu ukisema « maji ya chumvi », mtu anamfikiria mtoto anayehara, au mzee anayesukutua koo. Nikaona wale akina mama watanicheka. Nikajiambia kwamba jambo kuu hapo ni maji, na kwamba chumvi ni urembo wa Wafaransa. Nikaandika: mtie maji kidogo kidogo. Sentensi ilisomeka vizuri, ikaniridhisha.

Jumamosi iliyofuata walipika bidoni mbili za mawese. Mwanzoni uji ulikwenda vizuri. Halafu ukaanza kuwa mzito, nao wakafuata karatasi yangu: wakatia maji. Ukazidi kuwa mzito. Wakatia tena. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, karatasi mkononi, nikiwasomea kwa sauti ya mwalimu. Kadiri walivyotia maji ndivyo uji ulivyozidi kugeuka kitu kama bugali iliyochanganywa na gundi. Mwiko ulisimama wenyewe katikati ya pipa. Chini kukaanza kuungua. Mama akaacha kukoroga, akasema: « Sabuni imegoma. » Kisha akanitazama: « Ni weye ulisema tuweke mayi. »

Yaya aliporudi jioni, aliomba chumvi, akaikoroga katika maji ya moto, akawasha tena moto kidogo na kuimimina pipani polepole. Hapo nikaona jambo ambalo hadi leo sijalisahau: ule uji mgumu ulilegea, ukalala, ukaanza kuteleza kwenye mwiko. Lakini nusu nzima ilikuwa imeshaungua. Iliyobaki iliuzwa kwa bei ya kutupa, fedha za minervali hazikutimia, na sesheni ya kwanza ya mitihani ilinipita nikiwa nyumbani. Kila mtu alisema kipimo kipya ndicho kibaya. Yaya alichukua lawama. Mimi nilinyamaza.

Nilichofanya badala ya kukiri ni kusoma. Nilitaka kujua ni kwa nini maji, ambayo hulegeza kila kitu ninachokijua jikoni, yaliigandisha sabuni. Yaya alinifundisha, jioni baada ya jioni, bila kujua ninatafuta nini.

Molekuli ya sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia ni mafuta na unayakimbia. Urefu wake ni kama nanomita 2, na unene wa unywele mmoja ni makumi ya maelfu ya nanomita. Ukizitia molekuli hizo majini, hazihitaji wa kuzipanga. Zinajipanga zenyewe, kwa sababu kila mkia unatafuta pa kujificha na kila kichwa kinataka kubaki nje. Maji yakiwa mengi sana, zinajikusanya katika vijipira, mikia ndani, vichwa nje. Maji yakipungua hadi karibu nusu ya uji, vijipira vinaungana kuwa fimbo ndefu, na fimbo hizo zinabanana kama mzigo wa matete, kila moja imezungukwa na nyingine sita. Maji yakipungua tena hadi karibu theluthi, fimbo zinafumuka na molekuli zinalala katika matabaka, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine, maji kidogo katikati.

Hapo ndipo palipo na ajabu. Mikeka inateleza mmoja juu ya mwingine, kwa hiyo uji wenye maji machache unakorogeka. Mzigo wa matete hauna pa kutelezea, kwa hiyo uji wenye maji mengi zaidi unagoma. Sisi tulikuwa na mikeka, tukaimwagia maji mpaka ikawa matete. Chumvi nayo inafanya kazi kinyume. Vichwa vya sabuni vina chaji ya aina moja, vinasukumana. Chumvi inapunguza ule msukumano, vichwa vinakaribiana, na matabaka yanarudi. Hata ile soda ya ziada ya zamani, pamoja na kuchoma mikono, ilikuwa inafanya kazi ya chumvi bila mtu kujua. Yaya aliiondoa soda, akaweka saumure mahali pake. Mimi nikaiondoa saumure.

Hali hizo mbili, ya matete na ya mikeka, si za kimiminika cha kawaida, kwa kuwa ndani yake kuna mpango, wala si za kitu kigumu, kwa kuwa molekuli zinaendelea kutembea. Kifaransa kinaziita « cristaux liquides ». Jamaa zao ndio wanaoandika tarakimu nyeusi kwenye kikokotoo. Mwaka wa 1888, huko Praha, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alikuwa anachunguza kolesteroli aliyoipata katika karoti. Kimojawapo cha vitu alivyoitengenezea kiliyeyuka mara mbili: kwenye digrii 145.5 kikawa ukungu mzito, kwenye digrii 178.5 kikawa safi kama maji. Alimwandikia Otto Lehmann, mtaalamu wa fizikia, naye akaanza kuviita vitu vya namna hiyo fuwele zinazotiririka. Wengine walikataa, wakidai kwamba ni uchafu tu uliochanganyika.

Mwaka wa 1922, Mfaransa Georges Friedel alikuja na ugomvi wa aina nyingine, ambao wasomaji wa jarida hili wataupenda: aligombana na jina. Kwake, vitu hivi si fuwele wala si vimiminika, na kuviita majina yote mawili kwa pamoja ni kumpotosha msomaji. Akapendekeza neno lenye maana ya hali ya katikati, kisha akazipa aina zake majina kutoka Kigiriki. Zile za nyuzi aliziita nematiki, kwa neno la uzi. Zile za matabaka aliziita smektiki, kwa neno la sabuni.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Mtaalamu mzima alikwenda hadi kwa Wagiriki wa kale kuazima neno la mfua nguo, na mimi niliyezaliwa kando ya pipa la sabuni nilikuwa nimeona aibu kuandika « chumvi ».

Kazi yetu ya vitendo mwaka huo ilikuwa kutafsiri ukurasa wa sayansi. Nikachagua huo. Kamusi ilinipa « fuwele » kwa « cristal », nami nikaunda « fuwele-kimiminika », neno ambalo bado naliona zuri. Nilipolisoma nyumbani, mmoja wa wale akina mama akauliza: « Huyo Fuwele ni mtoto wa nani? » Kwao hali ya mikeka ilikuwa na jina zamani: sabuni imelala. Ya matete: imegoma. Friedel, nadhani, angeyakubali, maana hayasemi uongo juu ya ugumu wala umaji. Mwalimu wangu hakuyakubali. Alisema ni lugha ya uani. Niliyaacha katika maandishi pamoja na « fuwele-kimiminika » na nikapoteza alama mbili. Sijajutia hizo.

Usiku mmoja kabla ya kuiwasilisha, nilimsomea mama ukurasa mzima, naye anakatakata vipande vya sabuni kwa waya. Nilipofika penye chumvi, waya ukasimama.

« Hiyo chumvi, siku ile ilikuwa wapi? »

Nikamwambia. Nilimwambia yote, pamoja na woga wangu wa kuchekwa. Yaya alikuwa mlangoni, akasikia. Mama hakugomba. Alikaa kimya mpaka nikatamani agombe, kisha akavuta waya, kipande kikaanguka.

« Soma tena pale. »

Nikasoma.

« Vikombe vingapi kwa bidoni moja? »

Nikaitafuta karatasi ya Kifaransa. Yaya alikuwa ameandika vikombe vingapi, kwenye mstari wake mwenyewe, na huo pia nilikuwa nimeuruka.