Kitufe kinachopiga kelele

Leo tuweke programu kando kidogo, ingawa haikukaa mbali.

Hapa Bongwe kuna kikundi cha taarab kinachopiga maharusini, na kinanda chao ni kimoja tu. Wiki iliyopita mpigaji wake aliniletea. "Mwanangu, hivi viwili nikivigusa taratibu vinapiga ukelele, na hiki kimekuwa bubu. Jumamosi tuna harusi."

"Kiache hapa mzee wangu, tukitazame."

Alishaambiwa spika imekufa. Mimi sijaona spika inayochagua noti!

Nikakiunga na kompyuta kwa waya wa USB nisome namba za MIDI. Mfumo huo ulitoka 1983, na hutuma nguvu ya kila mpigo kwa namba ambayo mwisho wake ni 127. Vitufe vizima nikivigusa taratibu vilitoa 30 hivi. Vile viwili: 127, kila mara.

Hapa ndipo penye raha. Kinanda hakipimi nguvu, kinapima muda. Chini ya kila kitufe kuna ukanda wa mpira wenye vidonge viwili vya kaboni, kimoja hugusa bodi kabla ya kingine. Muda kati yao ukiwa mfupi, kinanda kinajua umepiga kwa nguvu. Sasa kidonge cha kwanza kikiwa na uchafu, kinachelewa kugusa, muda unafupika, na kinanda kinadhani umekipiga ngumi. Kisipogusa kabisa, kimya.

Nikafungua skrubu (nyingi! ndefu na fupi zitengeni), nikainua ukanda. Vumbi na chumvi. Diani si mbali, na upepo wa bahari hauna mlango. Bodi nikaipangusa kwa pamba yenye spiriti isiyo na mafuta, mpira kwa pamba kavu tu. Msikwangue kaboni kwa msasa, ikitoka imetoka.

Namba zikarudi: 28, 31, 34. Kile bubu kikakataa, kidonge chake kimelika. Basi nikabadilishana ukanda wake na wa oktavu ya juu, ububu ukahamia noti ambayo mzee anasema haigusi harusini.

Ijumaa akaja, akapiga dakika kumi bila neno. Kisha akauliza kama zile namba zinaweza kumwonyesha mwanafunzi wake kwamba anabonyeza kwa nguvu mno. Zinaweza. Nimeshaanza kumwandikia kiprogramu.