Ukungu wa Mgwashi na Picha za Ubao za Wajapani

Panda mlima kutoka Mombo hadi Soni, kisha ushike njia ya Bumbuli mpaka ufike kata ya Mgwashi. Ukiamka huko alfajiri ya kipupwe, utauona ukungu umelala mabondeni na moshi wa majiko ukipenya juu ya migomba, hata usijue upi ni ukungu na upi ni moshi.

Mandhari ya namna hiyo iliwapa Wajapani sanaa iliyowapatia sifa duniani. Nchi yao ina volkeno nyingi, na chemchemi za maji moto zimetapakaa milimani. Sisi nasi tunazo, kama zile za Amboni, karibu na Tanga. Tangu zamani Wajapani walisafiri hadi Hakone kuoga na kujitibu. Mwaka 1852 msanii Hiroshige alitoa picha za chemchemi saba za huko. Picha za aina hiyo ziliuzwa kwa bei isiyopita sana ile ya bakuli la tambi, hivyo hata fundi na mchuuzi waliweza kuzitundika nyumbani.

Kazi hiyo ilikuwa ya ushirikiano. Mmoja alichora, wa pili alibandika mchoro juu ya ubao wa mcheri na kuuchonga, wa tatu alipaka rangi ubaoni na kuisugua karatasi juu yake. Kila rangi ilikuwa na ubao wake. Na ule mvuke mweupe? Mara nyingi haukupakwa rangi yoyote: ni karatasi tupu iliyoachwa kwa makusudi.

Mwaka 1918 Kawase Hasui alianza na picha za Shiobara, mji wa chemchemi alioujua tangu utotoni. Tetemeko la mwaka 1923 lilipozusha moto Tokyo, madaftari yake ya michoro yaliteketea. Hakukata tamaa, alifunga safari, akaanza kuchora upya. Alifariki mwaka 1957, na picha zake zingali zinatazamwa.

Je, sisi? Misitu ya Usambara imepungua, na mashamba yamekwea hadi kwenye miteremko mikali. Wewe ambaye kwenu ni milimani, utakapokwenda likizo na watoto, wanunulie penseli na daftari. Bibi yao atawaonyesha mahali msitu ulipokuwa ukiishia zamani. Nao wapachore.