Tomati za Bonde la Ruzizi

Kutoka Bukavu mpaka Uvira, nchi inashuka karibu mita 700. Bukavu tunalala na blanketi. Kule Sange shuka moja inatosha, na kuna usiku ambapo hata hiyo watu wanaitupa pembeni. Tulifika huko Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, vumbi mpaka kwenye nyusi, na tulitaka kuona mashamba ya wamama wanaoleta tomati sokoni.

Mashamba mawili yalikuwa yanapakana, yakinywa maji ya mfereji mmoja. La kwanza lilikuwa limekwisha kuvunwa, na mwenyewe alikuwa amelipa masomo ya watoto watatu. La pili lilikuwa kijani, lenye nguvu, lakini maua yalikuwa chini, makavu. Mama huyo alikuwa haongei tena na jirani yake. Watu walikuwa wamemwambia ni jicho baya.

Tukakaa nao wote wawili chini ya mwembe. Ua la tomati haliogopi jirani, linaogopa joto. Mchana ukipita digrii 32 hivi, au usiku usiposhuka chini ya digrii 21, unga wa ua unakosa nguvu na ua linaanguka kabla ya kufunga tunda. Kuongeza mbolea hakusaidii, kunazidisha majani tu. Tuliuliza tarehe. Wa kwanza alisia mbegu mwanzoni mwa mwezi wa tano, akahamisha miche mwezi wa sita, maua yakatoka mwezi wa saba, wakati usiku wa bondeni una ubaridi. Wa pili alikuwa mgonjwa, akahamisha miche mwezi wa nane. Maua yake yalikutana na joto linalotangulia mvua.

Miche yake haikuwa imekufa. Tulimshauri asiing’oe: atandaze mabua ya mpunga kwenye shina (huko hayakosekani, watu wanayachoma bure!), amwagilie asubuhi mapema, kila mara kwa kiasi kilekile, na asipunguze majani, kwa sababu tunda lisilo na kivuli linaungua na kupata doa jeupe. Joto likipungua, mche wenye afya unaweza kutoa maua mapya. Na tomati inayoanza kubadilika rangi ichumwe, ikomalie ndani ya nyumba. Kwenye jua kali inabaki njano, na wanunuzi wa Uvira wanataka nyekundu.

Tulipoondoka, jirani alikuwa anamsaidia kubeba mabua.