Chuncheon, Ambako Paja Huitwa Ubavu

Treni ya ITX-Cheongchun ilitushusha Chuncheon, Korea Kusini, baada ya mwendo wa saa moja na zaidi kutoka stesheni ya Yongsan mjini Seoul. Mji umezungukwa na milima na maziwa ya mabwawa. Abiria wengi, hata hivyo, walikuwa wamefuata kuku.

Chakula chenyewe ni dakgalbi. Dak ni kuku, galbi ni mbavu, lakini nililoletewa mezani lilikuwa paja lililotolewa mfupa na kupasuliwa likawa bapa. Jina ni la tangu miaka ya 1960: nyama ya mbavu ilikuwa ghali, wanafunzi na askari wakaridhika na kuku aliyechomwa mfano wake. Siku hizi migahawa mingi humkaanga kwenye sinia la chuma, pamoja na kabichi na viazi vitamu. Mimi nilimtaka wa mkaa.

Mhudumu wa kike wateja humwita imo, yaani mama mdogo, naye huwakaripia kama mama mdogo hasa. Aliponiona natanguliza wavuni paja lenye gochujang, alininyang'anya koleo.

Alikuwa na haki. Gochujang ni rojo zito la pilipili, soya iliyochachushwa, mchele wa kunata na chumvi, linaloachwa likomae kwa miezi. Wanga wa mchele hugeuka sukari, na sukari huungua nyama ikiwa bado mbichi. Kwa hiyo vipande vya chumvi hutangulia, vya mchuzi wa soya na kitunguu saumu hufuata, vyekundu huja mwisho, na wavu hubadilishwa ukishashika masizi.

Firigisi zilichovywa kwenye mafuta ya ufuta yenye chumvi. Gegedu lilitaka meno, si ulimi. Nyama ya shingo ni vipande vyembamba, ila ina mafuta yake, haikauki upesi. Kidari hakikuwepo, wala sikukiulizia: moto ule ungekigeuza ubao.

Paja, sasa mikononi mwa imo, liligeuzwa kila mara, likakatwa kwa mkasi, nikalikunja ndani ya jani la perila. Tamu, kali, lina harufu ya moshi. Lakini iliyonishinda ni shingo ya chumvi. Nikaagiza sahani ya pili, na treni niliyokuwa nimekatia tiketi ikaondoka bila mimi.