Kutoka Asali Hadi Kaboni

Mama alikuwa akiuza asali sokoni Narok. Miaka ya tisini, mzee mmoja wa jamii ya Waogiek alikuwa akimletea madebe mawili kutoka msitu wa Mau. Mama hakuonja kwanza, alinusa, akasema, "Hii ni ya juu." Mzee akacheka: "Umepatia, mama."

Ni yeye aliyenieleza kwamba mizinga hufuata maua, kutoka miteremko ya chini hadi kwenye mianzi, na kwamba kila ukoo una kipande chake cha msitu kinachopanda na mlima. Mpaka ni mto au jabali. Karatasi hakuna.

Karatasi ndiyo iliyokuja kuwaponza Waogiek. Serikali iliuhesabu Mau kuwa msitu wake, na Oktoba 2009 wakaazi, Waogiek wakiwemo, wakapewa siku 30 wahame. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za Waogiek, na kwamba kuhifadhi msitu si sababu ya kuwatoa. Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao. Mzee alikuwa ameshafariki. Mwanawe, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akileta madebe, alipotupa habari hiyo alitaja hati kwanza. Pesa alizitaja akiwa tayari anaondoka.

Mwaka 2023 msitu ukapata bei nyingine: kaboni inayohifadhiwa na miti. Septemba, sheria ya tabianchi ilirekebishwa. Mradi wa kaboni kwenye ardhi ya umma au ya jamii sasa lazima uwe na mkataba na jamii husika, na ule unaotegemea ardhi uitengee angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama. Novemba, nyumba za Waogiek zikabomolewa Sasimwani. Serikali ilisema inaulinda msitu. Watetezi wa Waogiek wakaihusisha bomoabomoa hiyo na biashara ya kaboni. Majuma yale asali haikufika sokoni.

Asilimia 40 ni fungu zuri, lakini hupewa jamii inayotambuliwa kuwa ya pale. Ukishamfukuza mtu, utaweka naye mkataba gani? Hati itangulie, bei ifuate.