Kwetu Djugu, Nimefikia Bunia

Nashuhudia jambo ambalo wengine wataliona dogo: vitenzi vya Kiingereza vilinipa namna ya kueleza hali yangu.

Nilikimbia machafuko ya Djugu, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, mapema 2018, wakati maelfu ya wenzetu walipokuwa wakivuka Ziwa Albert kuelekea Uganda. Mimi nilikuja mjini Bunia. Hapa mtu akikuuliza unakaa wapi, jibu ni la aina moja, uwe mzaliwa wa mtaa wa Mudzi-Pela au umelala jana chini ya turubai pale kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze. Hata Kifaransa chetu cha mtaani hutumia rester kwa yote mawili. Kila fomu ilipokuja niliandika "Bunia", na roho ikakataa.

Kisha nikajiunga na masomo ya jioni ya Kiingereza kwa mwalimu aliyewahi kuishi Uganda. Aliandika ubaoni I live in Bunia, akasema hiyo ni ya mtu mwenye makao hapa, asiyefikiria kuhama. Chini yake I'm staying in Bunia: nimefikia tu, nitaondoka. Katikati akaingiza I'm living in Bunia: maisha yangu yako hapa, lakini kwa kipindi. Reside aliiachia karatasi za serikali. Dwell alituonyesha mwishoni mwa Zaburi ya 23 katika Biblia ya King James, akasema sokoni hatutaisikia. Akatuonya kwamba Kampala na Nairobi wengi huuliza where do you stay? wakimaanisha nyumbani kwako kabisa, kwa hiyo mtazame kwanza anayeuliza.

Usiku ule niliandika daftarini: My home is in Djugu. I'm staying in Bunia. Nilikuwa nimetafuta namna ya kusema hivyo kwa muda mrefu sana.

Leo nasema I'm living, maana nina kazi na mtoto wangu anasoma hapa. I live bado sijaitamka.

Sasa huwasaidia wakimbizi wa ndani kwa ukalimani wanapohojiwa na wageni wanaosema Kiingereza. Simuulizi mama anakaa wapi. Namuuliza, "Mama, kwenu ni wapi? Na sasa umefikia kwa nani?" Hapo anaeleza mwenyewe kijiji, shamba, na ndugu aliyempokea, nami najua kitenzi cha kutumia.

Ndugu wakalimani na walimu wa Bunia, ulizeni maswali hayo mawili kabla ya kujaza fomu ya mtu yeyote.